Kuingia ikulu ya Jino: taratibu za hekalu la Kandy na sababu zake

Watalii wengi hutoka katika Hekalu la Jino mjini Kandy, Sri Lanka, na lalamiko moja. Wamelipa kiingilio, wamevua viatu, wamepanga foleni wakibanana mabega, kisha wakapitishwa mbele ya uwazi wa mlango, wakaona dhahabu ikimetameta kwa nukta chache, na mlinzi akawahimiza wasogee. Jino la Buddha walilolifuata hawakuliona. Wengine hata hiyo dhahabu hawakuiona, maana walifika saa nane mchana wakakuta mlango umefungwa na hakuna wa kuwaeleza kwa nini.

Hawakutapeliwa, ila waliingia kama watu waendao makumbusho. Wenyeji, yaani Wasinhala, huliita jengo hili Sri Dalada Maligawa. Dalada ni jino takatifu, na maligawa ni kasri, makao ya mfalme. Hakuna neno la hekalu hapo. Aliyemo ndani anahudumiwa kama mfalme aliye hai: anaamshwa kwa ngoma, anaandaliwa chakula, anaogeshwa, mlango wake unafungwa apumzike. Mgeni hapewi nafasi ya kumkodolea macho. Anaruhusiwa kupita mbele ya mlango wa chumba chake wakati wa kuhudumiwa, basi. Ukilishika hilo, nusu ya mambo yanayowachanganya watu Kandy yananyooka yenyewe.

Jino lililotawala nchi

Masimulizi ya Wabuddha yanasema kwamba Buddha alipochomwa maiti yake Kushinagar, India, jino lake la chonge la upande wa kushoto liliokolewa majivuni. Likakaa miaka mingi Kalinga, mashariki ya India, mpaka vita vilipotishia mji. Hapo binti mfalme Hemamali na mumewe Danta walivuka bahari wakilificha ndani ya nywele za binti huyo, wakafika Anuradhapura, mji mkuu wa kisiwa cha Sri Lanka wakati huo, katika karne ya 4. Tangu hapo ikawa kanuni kisiwani: mwenye jino ndiye mwenye nchi. Mfalme akihamisha mji, jino linahama naye na linajengewa nyumba jirani na kasri lake. Ndiyo maana Polonnaruwa, Yapahuwa na miji mingine ya kale kuna magofu ya nyumba za jino.

Wareno nao waliielewa kanuni hiyo. Mwaka 1560 waliteka jino moja Jaffna, kaskazini ya kisiwa, wakalipeleka Goa, makao yao makuu huko India. Mfalme wa Pegu, katika Burma ya leo, alitaka kulinunua kwa mali nyingi, lakini askofu mkuu wa Goa akakataa. Likatwangwa kinuni, likachomwa, na majivu yakamwagwa mtoni. Wasinhala wakasema lililotwangwa halikuwa lenyewe, lenyewe lilikuwa limefichwa. Msomaji wa Mombasa atawatambua watu hawa: ni Goa hiyohiyo iliyotoa amri kwa Wareno wa pwani yetu, waliotia msingi wa Fort Jesus mwaka 1593. Mwaka mmoja kabla, 1592, Vimaladharmasuriya wa Kwanza alikuwa ameshika kiti cha Kandy milimani, mahali ambapo Wareno hawakuweza kukaa. Akalileta jino huko na kulijengea nyumba ya ghorofa. Nyumba inayozuruwa leo ni ya baadaye: sehemu ya ndani ni ya Vira Narendrasinha, aliyetawala hadi 1739, handaki la maji, ukuta wenye mawimbi na mnara wa pembe nane unaouona kwenye kila picha ni kazi za Sri Vikrama Rajasinha, mfalme wa mwisho, aliyechimba pia ziwa lililo mbele mwaka 1807. Waingereza walimwondoa mwaka 1815. Mkataba wa kuitoa nchi ulitiwa saini katika ukumbi wa baraza wa nguzo za mbao ambao ungali umesimama uani kwa hekalu.

Ufalme uliondoka, itifaki ya kifalme ikabaki. Hata leo anayesimamia hekalu si mtawa bali raia mwenye cheo cha Diyawadana Nilame, maana yake ofisa wa kuleta maji, cheo kilichotoka moja kwa moja kwenye utumishi wa kasri. Huduma za chumbani hufanywa na watawa wa monasteri mbili kuu, Malwatta na Asgiriya, kwa zamu. Na viongozi wa nchi wanapochaguliwa, safari yao ya kwanza nje ya Colombo mara nyingi huwa Kandy.

Mlango hufunguliwa mara tatu kwa siku

Jengo huwa wazi tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili usiku, lakini kuingia jengoni na kuona kasha la dhahabu linalohifadhi jino ni mambo mawili. Mlango wa chumba cha ndani hufunguliwa kwa ibada iitwayo puja: alfajiri kuanzia saa kumi na moja na nusu, asubuhi saa tatu na nusu, na jioni saa kumi na mbili na nusu. Kila moja huchukua kama saa moja na nusu. Kwenye mbao za matangazo utaona 5.30, 9.30 na 18.30, kwa kuwa saa yao huhesabiwa kutoka usiku wa manane. Wapo waliosoma 9.30 wakadhani ni saa tisa na nusu alasiri, wakakuta mlango wa chumba umefungwa.

Kwa nini saa hizo? Mtawa wa Kibuddha hali chakula baada ya adhuhuri. Aliyemo kasrini hufuata ratiba ileile: alfajiri ni chakula cha kufungulia kinywa, saa tatu na nusu ni chakula kikuu cha wali na vitoweo, ambacho lazima kiishe kabla ya mchana, na jioni ni vinywaji tu. Kati ya chakula na vinywaji hakuna anayemsumbua mwenye nyumba. Hiyo ndiyo siri ya mlango uliofungwa saa nane mchana.

Jumatano, katika ibada ya asubuhi, kuna nyongeza: kuogeshwa. Hufanyika kwa ishara tu, maji yaliyotiwa maua na manukato yakitumika bila jino kutolewa kashani, kisha maji hayo hugawiwa waliohudhuria, na wengi huamini yana uponyaji. Siku hiyo umati huongezeka. Siku za mwezi mpevu, ziitwazo poya, huongezeka maradufu. Ni sikukuu ya kitaifa kila mwezi, pombe haiuzwi nchini, na familia nzima zilizovaa nyeupe hushinda hekaluni. Mwenye nia ya kuona ibada ikiwa hai aende poya. Mwenye watoto wadogo au magoti mabovu achague Jumatatu au Jumanne ya kawaida, ibada ya alfajiri, ambayo watalii wa mabasi bado wamelala.

Kutoka getini hadi kwenye kasha

Fika dakika arobaini na tano kabla ya ibada. Si nyingi. Kwanza kuna ukaguzi getini, foleni ya wanaume mbali na ya wanawake, mikoba ikifunguliwa. Ukali huu una sababu: tarehe 25 Januari 1998 lori la mabomu la waasi wa Tamil Tigers lililipuka mbele ya lango, likaua watu na kubomoa sehemu kubwa ya jengo. Lilijengwa upya, na barabara iliyopita mbele ikafungwa kwa magari. Bajaji itakushusha mbali kidogo. Hiyo nayo iingize kwenye hesabu yako ya muda.

Ukishavuka geti unatembea kwenye bustani hadi mahali pa kuweka viatu. Unapewa kibao chenye namba. Kipige picha, maana kikipotea utakuwa unaeleza rangi ya ndala zako kwa lugha usiyoijua. Tiketi za wageni hukatwa dirisha la jirani. Wasri Lanka hawalipi, kwa kuwa wamekuja kuabudu, kwa hiyo usianze ubishi wa ubaguzi hapo. Beba noti ndogo za rupia.

Kisha daraja juu ya handaki. Tazama ukuta kabla ya kuvuka: kingo zake zimekatwa mithili ya mawingu, na vile vitundu vya pembetatu ni mahali pa kuweka taa za mafuta usiku wa sherehe. Mwanzoni mwa ngazi kuna jiwe la nusu duara lililochongwa, na juu ya mlango kuna upinde wenye makara, mnyama wa kufikirika mwenye mkonga na kinywa cha mamba. Njia nyembamba iliyopakwa michoro inakutoa kwenye ukumbi wa chini. Hapa ndipo watu wengi hukosea.

Ukumbi wa chini ni wa ngoma. Ibada inapoanza, wapigaji waliofunga vilemba na mikanda myekundu huanza kupiga dawula, ngoma nene ya nyuso mbili inayopigwa kwa fimbo upande mmoja na kiganja upande wa pili, na tammattama, vijingoma viwili vilivyofungwa pamoja. Juu yake hulia horanewa, ambayo mtu wa Lamu au Pemba akiisikia atasema ni zumari, na hatakuwa amekosea sana: ni ukoo mmoja wa ala uliosafiri na watu wa Bahari ya Hindi. Sauti ni kubwa, kali, haikusudiwi kukutumbuiza. Ni kumtangaza mfalme, kama siwa ilivyotangaza enzi katika miji ya Waswahili. Mgeni husimama hapo akirekodi dakika ishirini, na wakati huohuo foleni ya kasha inajipanga ghorofani, ambako ndiko chumba kiliko. Anapopanda anakuta watu mia mbele yake.

Kwa hiyo amua mapema. Unayetaka kasha panda juu moja kwa moja, shika foleni, ngoma utazisikia tu kupitia sakafu ya mbao. Unayetaka ngoma kaa chini, halafu urudi ibada nyingine kwa ajili ya kasha. Kutaka vyote kwa mara moja hufaulu alfajiri ya siku tulivu tu.

Ghorofani kuna meza ndefu ya maua kando ya foleni: yungiyungi, asumini, mengine meupe yenye kitovu cha njano. Wanaoabudu huyaweka hapo yakiwa yamekatwa vikonyo na kupangwa yakitazama juu. Ukinunua maua nje, usiyanuse. Harufu ni ya anayepewa maua, na ukiinusa wewe umetoa makombo. Kuweka maua si lazima, wala kuinama. Msomaji Mwislamu au Mkristo anayejiuliza kama atalazimishwa kusujudu ajue kwamba hakuna anayemtazama. Kinachotakiwa ni kuvua kofia, kunyamaza, na kutosimama katikati ya njia ya aliyekuja kuomba. Ukitaka kukaa utazame, kaa sakafuni kando ya ukuta, miguu umeikunja. Nyayo zisielekee kwenye chumba.

Mlango unafunguliwa, foleni inasogea. Utakachoona ni kasha la dhahabu lenye umbo la kengele kubwa, limevishwa mikufu na vito. Ndani yake yamo mengine, moja ndani ya jingine, saba kwa jumla, na jino limo katika la mwisho, dogo kuliko yote. Una muda wa pumzi mbili au tatu. Simu ibaki mfukoni: kasha halipigwi picha, na anayejaribu huishia kuona kioo cha simu badala ya kasha.

Kuona jino lenyewe ni jambo la nadra sana. Lilipoonyeshwa hadharani tarehe 18 hadi 27 Aprili 2025, ilikuwa mara ya kwanza tangu 2009, na foleni zilijaa barabara za mji mzima, watu wakilala njiani. Yeyote atakayekuahidi kukuonyesha jino kwa malipo siku ya kawaida ni mwongo.

Baada ya kasha wengi hutoka moja kwa moja, na hapo wanapoteza nusu ya kiingilio chao. Nyuma kuna ukumbi mpya, Alut Maligawa, wenye sanamu za Buddha zilizotolewa na Wathailand na michoro 21 inayosimulia safari ya jino tangu mazishini. Ikiwa historia iliyo hapo juu imekuchanganya, izungushe michoro hiyo kwa mpangilio na itakaa. Uani kuna nyumba ndogo ya Raja, ndovu dume aliyebeba kasha la sherehe kwa miongo kadhaa hadi alipokufa mwaka 1988. Amekaushwa na kusimamishwa humo kwa ukubwa wake wote. Watoto hawataki kutoka.

Mavazi, mwili na sheria

Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Kaptura hairuhusiwi hata ikiwa ya bei ghali. Kanga au kikoi kiunoni kinatosha kuficha magoti, lakini mabegani ni salama zaidi kuwa na mikono ya nguo kuliko mtandio unaoteleza, kwa kuwa walinzi wengine huukataa. Nyeupe ndiyo rangi ya waumini, na ukiivaa utaona unavyopishwa vizuri. Nguo ya kubana sana, hata ikiwa ndefu, hutazamwa vibaya.

La kuogopa hasa si nguo bali sura ya Buddha. Sri Lanka haina mzaha na jambo hilo, na lina mkono wa sheria. Mwaka 2012 watalii wa Kifaransa walihukumiwa kifungo cha nje kwa picha zilizoonyesha wakiibusu sanamu. Mwaka 2014 mtalii wa Kiingereza alikamatwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao kwa sababu ya chale ya Buddha mkononi. Mwenye chale hiyo aifunike tangu kwenye ndege. Fulana au mfuko wenye picha ya Buddha uache nyumbani. Usijipige picha ukiipa sanamu mgongo: hilo ndilo kosa la kila siku, na wengi hulifanya bila nia mbaya. Piga sanamu peke yake, ukiitazama.

Mtawa hapewi mkono, na mwanamke hamgusi wala hampi kitu mkononi, anakiweka mezani. Salamu ni ayubowan, viganja vimekutanishwa kifuani, maana yake ni kumtakia mtu maisha marefu.

Watu wa njiani

Kuanzia kituo cha treni hadi ziwani utakutana na waungwana wenye habari njema. Mmoja atasema hekalu leo limefungwa, lakini kuna duka la vito la shemeji yake. Mwingine atasema yeye ni mpishi wa hoteli uliyofikia, hakumbuki tu chumba chako. Wa tatu atakupa maua bure, kisha atakuonyesha daftari lenye majina ya Wazungu na viwango walivyotoa. Dawa ni moja: usisimame. Mwongozaji halali hubeba kitambulisho chenye picha, na bei hupatanwa kabla ya hatua ya kwanza, kwa kikundi na si kwa kichwa.

Kutoka Colombo ni kilomita kama 115. Treni huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na ukikaa upande wa kulia ukipanda, mabonde yako upande wako.

Usiku wa ndovu

Esala Perahera ni maandamano ya usiku kumi, Julai au Agosti kulingana na mwezi. Usiku tano za kwanza, Kumbal, ni ndogo. Tano za mwisho, Randoli, huzidi kukua hadi ya mwisho yenye ndovu wengi waliovishwa nguo za taa, wacheza moto, wapiga mijeledi na ngoma zisizohesabika. Ndovu mkuu hubeba kasha, lakini jino lenyewe halitoki. Huo ni mlango mwingine wa kukatishwa tamaa kwa asiyejua.

Barabara hufungwa alasiri mapema. Viti vya barazani huuzwa kwa bei ya juu sana, na usiku wa mwisho muuzaji anaweza kukuuzia kiti ambacho ameshamuuzia mwingine. Lipia kupitia hoteli yenye baraza lake yenyewe. Kukaa kandokando ya barabara ni bure kwa anayefika saa sita mchana na mkeka, maji na subira, akijua kwamba akiinuka kwenda chooni nafasi imekwenda. Randoli ya kwanza au ya pili ina karibu kila kitu cha usiku wa mwisho, na nusu ya msongamano.

Na anayetaka kuzoea desturi kabla ya kukata tiketi ya ndege, Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi Tanganyika, lenye mti wa bodhi uani. Viatu huvuliwa mlangoni, na sanamu haipewi mgongo.